Kabla Zofia Hajapita

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa ngazi ya pili, chini ya tangazo la paka aliyepotea. Ushirika wa nyumba uliwajulisha wakazi wa jengo namba nne kwamba madirisha yao yangebadilishwa kuanzia Jumanne, tarehe sita Mei, na kwamba kila mkazi aondoe vitu vyote vilivyo karibu na madirisha, kwa umbali wa mita moja na nusu. Watu walikuwa wameyasubiri madirisha hayo miaka kumi na mmoja. Mzee wa ghorofa ya nne alifariki akiyasubiri. Mkewe aliposoma tangazo alisema, "Ona sasa," akaenda zake sokoni.

Renata alilisoma mara mbili, mfuko wa viazi mkononi. Kisha akahesabu kwa vidole kutoka tarehe sita mpaka tarehe kumi na tano. Zilikuwa siku tisa.

Nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, kulikuwa na miche mia mbili na kumi na miwili ya nyanya. Ilikaa katika vikombe vitupu vya mtindi, kwenye mbao za madirisha yote matatu, juu ya cherehani, juu ya kabati la viatu na juu ya meza ya kulia, hivyo tangu mwezi Machi familia ilikuwa ikila na sahani magotini. Yote aliipanda mumewe, Zenon. Kiwanda cha fanicha kilikuwa kimempunguza kazini mwezi Novemba pamoja na wenzake arobaini. Tangu siku hiyo hakusema mengi. Lakini Februari alileta gunia la udongo, akaumwaga juu ya gazeti sebuleni, akakaa kuuchambua kama mchele.

"Nikiiuza yote, nabaki," alimwambia Renata siku ile. "Nakodi lile banda la plastiki la marehemu Wincenty kule bustanini. Nalima kabichi, nalima maua, mwakani nafanya miche elfu moja. Isipouzika, naondoka na Oskar."

Oskar alikuwa mdogo wake Renata. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu Uholanzi kwa gari lake dogo la abiria, wakachume nyanya kwenye mabanda ya vioo. Alisema ni kwa miezi sita tu. Renata alikuwa mpishi katika shule ya chekechea, na jikoni walikuwa wanawake watano. Wanne kati yao walikuwa na waume wanaoonekana Jumapili, kwenye simu, wakiwa wametoka kuoga. Mume wa mmoja wao alikuwa ameondoka kwa miezi sita mwaka ule mtoto wao alipoanza darasa la kwanza. Sasa mtoto ananyoa ndevu.

Renata hakuwahi kumwambia Zenon asiende. Alichofanya ni kuosha vikombe vya mtindi na kuvikausha.

* * *

"Haiwezekani," alisema Mama Zofia, mama yake Zenon, bila kuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Tarehe sita? Pankracy hajapita. Serwacy hajapita. Bonifacy hajapita. Mimi mwenyewe sijapita."

Katika mji ule hakuna mtu anayetoa nyanya nje kabla ya tarehe kumi na tano Mei. Kwanza hupita wale watakatifu watatu wa barafu, kila mmoja na siku yake na ubaridi wake, halafu anakuja Zofia, na akishapita Zofia, baridi imekwisha. Kwa kuwa Mama Zofia alibeba jina hilo na aliishi jengo lile tangu lilipojengwa, majirani walizoea kumuuliza kana kwamba ndiye aliyeshika ufunguo.

"Bibi Zofia, mwaka huu vipi?" walimuuliza kwenye ngazi.

"Kama kila mwaka."

Wakaondoka wameridhika.

"Siku zenyewe ni tisa tu, Mama," alisema Renata.

"Nyanya inakufa kwa saa moja."

Zenon alikuwa amesimama dirishani, kidole kimezama kwenye udongo wa kikombe kimoja, akipima unyevu. Hakugeuka. "Nenda ofisini, Renata," alisema. "Wewe unajua kuongea na watu."

Renata hakujua kuongea na watu. Alijua kukaa kimya vizuri, na watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Alivaa koti lake la kanisani akaenda.

* * *

Karani wa ushirika aliitwa Kornelia. Alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na mbele ya dirisha lake, juani, vilipangwa vikombe kumi na kimoja vya nyanya.

"Samahani, dada," Renata alianza. "Ni kuhusu madirisha. Tunaomba yabadilishwe baada ya tarehe kumi na tano."

"Sababu?"

"Tuna miche."

"Miche ya nini?"

"Nyanya."

Kornelia alivua miwani ya machoni, akashusha ya kichwani. "Mingapi?"

"Mia mbili na kumi na miwili."

"Yesu na Maria." Akaweka kalamu chini, kwa heshima. "Mnalala wapi?"

"Tunajibana."

"Dada yangu, nikwambie ukweli. Kutoa nyanya nje kabla ya Zofia ni dhambi. Hizi zangu hata dirisha silifungui. Lakini mimi hapa nina mama mwenye mtoto wa wiki mbili, nina mzee wa mashine ya kupumulia, na wote nimewakatalia. Nikikupa wewe kwa ajili ya nyanya, hao watanila mbichi. Ukikataa zamu yako unarudi mwisho wa orodha. Mwisho wa orodha ni miaka sita."

"Miaka sita."

"Na mwakani ni milango." Akachukua fomu ya maombi ya Renata, akaisoma mpaka chini, akaigonga muhuri wa IMEKATALIWA. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza, "Ni aina gani?"

"Moyo wa ng'ombe. Mingine ni ile midogo ya njano."

"Moyo wa ng'ombe," alirudia Kornelia kwa huzuni, akamrudishia fomu.

* * *

Tarehe sita asubuhi Zenon na Renata walishusha miche stoo, chini ya jengo. Waliibeba kwenye makasha ya ndizi, makasha kumi na manne, wakiegemea ukuta kila walipopishana na mafundi waliokuwa wakipanda na madirisha. Fundi mmoja aliwaita "wakulima". Ilikuwa iwe kazi ya siku moja.

Mafundi waling'oa madirisha ya zamani kabla ya saa nne. Saa tano waligundua kwamba madirisha mapya ya ghorofa ya tatu yalizidi matundu kwa sentimita mbili. Walifunika matundu kwa plastiki, wakasaini karatasi, wakaondoka. Walirudi baada ya siku sita.

Kwa siku hizo sita familia ya Zenon iliishi ndani ya makoti, na plastiki ikapiga makofi usiku na mchana. Chini stoo hapakuwa na dirisha. Zenon alivuta waya kutoka taa ya ngazi, akaning'iniza balbu mbili juu ya makasha. Siku ya pili balbu zilikuwa zimezimwa, na mlangoni paliachwa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule: *Umeme wa ngazi ni wa watu wote, si wa nyanya.*

Zenon aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Renata alitaka aseme kitu, atukane hata kidogo. Hakutukana. Kuanzia hapo alibeba makasha uani asubuhi ili miche ipate mwanga, akakaa nayo kwenye benchi, akairudisha upepo ulipozidi. Ilinyesha siku tatu mfululizo, mvua ya baridi iliyotoka ubavuni. Siku hizo miche ilibaki gizani. Ilirefuka na kupauka, ikainamisha vichwa upande mmoja, upande wa mlango.

"Shemeji!" Oskar alipita Jumamosi na keki ya dukani, akamkuta Zenon benchini katikati ya makasha yake. "Kule Uholanzi nyanya zina paa la kioo, zina joto, zina muziki. Naapa, wanazipigia muziki. Na wewe hapa umezikalia kama kuku."

"Kuku anajua anachofanya," alisema Zenon.

"Jumanne tarehe ishirini, saa kumi na moja alfajiri. Nafasi moja imebaki. Nikuwekee au nisikuwekee?"

Zenon alimtazama mkewe. Renata alikuwa akifunga kamba ya kasha ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Weka," alisema Zenon. "Siku ya kuondoka ndiyo tutajua."

* * *

Pankracy alipita na upepo, Serwacy na mvua, Bonifacy bila kitu. Tarehe kumi na tano jua lilitoka. Majirani walikuja na maua ya tulipu kumpongeza Mama Zofia kwa siku ya mtakatifu wa jina lake, wakala keki ya jibini mbele ya madirisha mapya, wakayasifu. Yalikuwa meupe, hayakupitisha upepo, na mbao zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba kikombe cha mtindi hakikukaa, hivyo miche ilibaki stoo.

"Basi, Bibi Zofia?" aliuliza Walerian, mwenyekiti wa viwanja vya bustani, mwanamume mnene mwenye kofia asiyoivua hata mezani. "Tutoe?"

Mama Zofia alifuta kona za mdomo. "Toeni."

Walerian aliacha nusu ya keki. Mpaka jioni ile viwanja vyote themanini nyuma ya reli vilikuwa na watu waliopiga magoti, na Jumamosi wale wanaofanya kazi wiki nzima wangemalizia. Kwa hiyo Jumamosi Zenon alipeleka makasha sokoni. Renata alikwenda naye. Alikuwa amekata kipande cha boksi na kuandika kwa kalamu nene: *Miche ya nyumbani, zloti nne kila mmoja.* Yote ikiuzwa, ingetosha kodi ya banda la Wincenty kwa kiangazi kizima.

Meza ya jirani ilikuwa na miche ya duka kubwa, minene, mifupi, ya kijani iliyokolea. Ya Zenon iliegemeana.

"Mbona zimepauka hivi?" aliuliza mama mmoja.

"Zilikuwa stoo," alisema Zenon, ambaye hakujua kudanganya wateja. "Sababu ya madirisha. Ukizipanda kwa kina, mpaka hapa, zitasimama."

Yule mama alisema atazunguka kwanza, akazunguka asirudi tena.

Walerian naye alipita, amejaza kikapu, ingawa alikwisha kupanda. Alisimama, akainua mche mmoja kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya. "Zenon, ndugu yangu. Hizi umezimwagilia maji ya makaroni?" Watu watatu walicheka. Zenon naye alijaribu kucheka, akachelewa.

Mpaka saa saba walikuwa wameuza michache. Mitatu aliinunua Kornelia wa ushirika. Alikuja amevaa koti la rangi ya krimu, hakupunguza bei, hakuchagua, alichukua iliyokuwa mbele. "Kwangu nafasi ipo," alisema haraka bila kumtazama Renata. Zenon alimfungia kwa gazeti, akamshukuru, na alipoondoka alikaa juu ya kasha tupu.

"Huyu anazo kumi na moja," alisema. "Ulinieleza mwenyewe."

"Labda anapenda moyo wa ng'ombe."

"Renata."

"Nini?"

"Anatuonea huruma."

Renata alikunja lile boksi la bei, lakini halikukunjika vizuri, likabaki likijifungua lenyewe njia nzima mpaka nyumbani.

* * *

Jumapili Zenon alifungasha. Renata alipiga pasi mashati matano, mashati ya kwenda kuchuma nyanya, akayanyoosha mpaka kola. Mama Zofia alikaa kitandani kwake, mlango wazi, akiangalia.

"Na hii miche nani ataimwagilia?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Zenon. "Nitupieni kesho. Pale nyuma, kwenye shimo la takataka. Vikombe muoshe."

"Mia mbili na kitu?"

"Mama, haikuuzika."

Mama Zofia aliinuka, akafunga mlango wake polepole. Alikuwa mwanamke anayefunga milango kwa nguvu.

Jumatatu Zenon alikwenda kuagana na shangazi yake kijiji cha pili. Renata alirudi kutoka kazini saa tisa, akavaa glavu za mpira, akashuka stoo, akachukua kasha la kwanza. Alisimama nalo mlangoni. Kisha akapanda nalo nyumbani, akaleta ubao wa pasi, akauweka mbele ya dirisha la sebule, akapanga vikombe juu yake. Akaleta viti. Akaleta mbao za kitanda cha wageni. Mpaka saa kumi na moja miche yote ilikuwa imesimama nyuma ya vioo vipya, na jua la mchana, ambalo kwa kioo kile kilichofifia cha zamani halikuwahi kufika mpaka ukutani, lilifika ukutani. Akaivutia mapazia, kama mtu aliyefanya jambo baya.

Zenon aliporudi aliuliza, "Umetupa?"

"Kula kwanza," alisema Renata.

Alikula na sahani magotini, kwa mazoea, akaenda kulala mapema. Hakufungua mapazia.

* * *

Saa kumi na nusu alfajiri palikuwa pameshapambazuka. Oskar aliwasili, na badala ya kupiga honi alishuka, akaanza kukwangua kioo cha mbele cha gari kwa kadi ya punguzo ya duka la nyama. Ndani, abiria saba walisinzia, vichwa begani.

Renata alishuka nyuma ya Zenon, amebeba mfuko wa mkate na mayai ya kuchemsha. Zenon alikuwa na begi. Alifika garini, akalipitisha begi mlangoni, na hapo ndipo akasikia ile sauti, kwaru, kwaru.

"Unakwangua nini?" aliuliza.

"Barafu, shemeji. Njia nzima. Mwezi wa tano! Panda, tuna saa kumi na nne mbele yetu."

Zenon hakupanda. Alitazama majani ya uani. Yalikuwa meupe. Alitembea hatua mbili juu yake, yakavunjikavunjika chini ya viatu. Aliinama, akang'oa unyasi mmoja, akautazama kwa karibu, halafu akatazama upande wa reli, viwanjani, ambako hapakuonekana kitu kwa sababu ya ukungu. Kisha akainua macho ghorofa ya tatu.

Mapazia yalikuwa wazi. Mama Zofia alikuwa amesimama kati yake, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, na kulia kwake na kushoto kwake, mpaka pembe za dirisha, palikuwa na kijani.

"Hukuitupa," alisema Zenon.

"Sikupata nafasi," alisema Renata.

"Jamani," alisema Oskar.

Kabla hajaendelea, baiskeli ilisikika ikija kutoka njia ya reli. Alikuwa Walerian, amevaa pajama na kofia. Alishuka uani, akaiacha baiskeli ianguke. Mkononi alishika mche wa nyanya uliokuwa mweusi, umelegea kama soksi iliyolowa.

"Zote," alisema, akihema. "Viwanja themanini. Zangu, za Kornelia, za kila mtu. Hata zile za chini ya plastiki." Akamwona Mama Zofia, ambaye sasa alikuwa amefungua dirisha. "Bibi Zofia! Ulisema tutoe! Ulisema imekwisha!"

"Mimi ni wa tarehe kumi na tano," alisema Mama Zofia kutoka juu. "Leo ni tarehe ishirini. Ni siku ya Bernardyn. Mkamuulize yeye." Akafunga dirisha kabla baridi haijaingia, kwa nguvu.

Walerian alibaki na mche wake. Alitafuta pa kuutupa, hakupata, akauweka mfukoni mwa pajama.

"Zenon," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka. "Ile miche yako. Ile ya... ile ya Jumamosi. Ipo?"

"Ipo."

"Leo unaiuza bei gani?"

Renata alishika mfuko wa mkate kwa mikono miwili. Madukani miche ilikuwa imekwisha tangu Jumamosi. Zenon angeweza kusema kumi. Angeweza kusema kumi na tano, na Walerian angelipa, na Renata asingemlaumu. Alimwona mumewe akifikiri. Alifikiri muda mrefu, kama alivyokuwa akifikiri siku hizi kila jambo.

"Nne," alisema Zenon. "Ila huitoi leo. Unaiweka ndani mpaka Alhamisi. Mchana unaipeleka nje kidogo, jioni unairudisha. Na unaipanda kwa kina, mpaka hapa." Akaonyesha kwa vidole.

"Mpaka hapo," alirudia Walerian, akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara mweupe, mdogo kuliko Renata alivyokuwa akidhani.

"Shemeji," alisema Oskar, "unapanda au hupandi? Niambie tu. Gari halizimi, mafuta yanaenda."

Zenon alitazama gari, akatazama abiria waliosinzia, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa mwenzake wa kiwandani. Alikuwa macho, akimtazama. Zenon alimpungia mkono, polepole, na yule naye akampungia. Kisha Zenon aliingiza mkono garini, akalitoa begi lake.

Oskar alipiga kioo mkwaruzo wa mwisho, akatia kadi mfukoni. "Nafasi nitamuuzia nani saa hizi?" alisema, si kwa hasira sana. Renata akampa mfuko wa mkate na mayai. Gari likaondoka, likaacha juu ya majani meupe mistari miwili ya kijani.

* * *

Kufikia saa moja foleni ilishuka ngazi mpaka mlango wa nje, pale palipokuwa na tangazo la paka. Kila mtu alikuwa na sanduku au beseni. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza, mwenye mwandiko mzuri, alisimama mbali, akanunua sita, akaondoka akitazama chini. Zenon alimwambia naye neno lile lile aliloambiwa kila mtu, mpaka Alhamisi, kwa kina, mpaka hapa. Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho tangu Novemba, na ilipofika saa tatu sauti ilikuwa imemkauka.

Kornelia alikuja wa mwisho kabla ya kufungua ofisi. Hapakuwa na kitu tena isipokuwa mitatu ambayo Renata alikuwa ameiweka nyuma ya redio. Zenon aliifunga kwa gazeti. Kornelia alipotoa pesa, Zenon alisema, "Hiyo hapana. Wewe ulishalipa."

Walipobaki watatu, Mama Zofia alileta supu. Renata alikuwa ameshafuta udongo kwenye meza ya kulia na kutandika kitambaa. Waliizunguka, wakakaa. Zenon aliweka sahani juu ya magoti, akakumbuka, akairudisha mezani, kisha hakujua viwiko aviweke wapi.

"Mwakani," alisema Mama Zofia, "tutangoja mpaka Bernardyn apite."

"Mwakani wanabadilisha milango," alisema Renata.

Zenon alikula. Begi lake lilikuwa bado kwenye korido, na mashati matano yaliyonyooshwa ndani yake. Renata alimaliza supu yake kwanza, ndipo akainuka kwenda kuyatundika.